Glavu Nyeupe za Ngongoti

Mjomba alisimama katikati ya goli akaanza kujikuna. Mwanzoni alijikuna kwa adabu, kama mtu aliyeumwa na mbu mbele ya wageni, akisugua glavu kwenye mlingoti. Kisha akazivua zote mbili, akazitupa, akatumbukiza mikono ndani ya ndoo ya maji hadi viwikoni. Jukwaa zima likacheka. Mimi sikucheka, na ndimi niliyeiandaa shughuli yenyewe.

Naomba nieleze kwa utaratibu, kama tunavyoandikishwa maelezo ya makosa mbele ya matroni wa bweni shuleni: nani, lini, na kwa kiburi gani.

Mjomba, kaka yake mama, alilinda goli la timu yetu miaka kumi na mmoja. Mashabiki walimwita Ukuta. Msimu ule ukuta ulivuja: mechi tisa bila ushindi, timu mkiani, kocha akatimuliwa. Akaja kocha mpya, mtu mfupi aliyevaa filimbi shingoni hata akinywa chai. Wiki ya kwanza tu, Ukuta akawekwa benchi. Golini akasimama kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu kiasi cha kuitwa Ngongoti.

Timu ikashinda. Ikashinda tena. Kinyozi wa mtaani kwetu akabandika picha ya kocha juu ya kioo, ikawa hunyolewi bila kumtazama. Watu waliokuwa wakimbeba mjomba mabegani sasa walimpita wakiimba jina la kocha Filimbi.

Kwetu ushindi ulikuwa msiba. Mama ni dobi wa timu. Alianika jezi za washindi kwa uso wa mfiwa. Redio ikafungiwa kabatini. Nikirudi likizo, naikuta nyumba nzima imenuna, isipokuwa mwenye haki ya kununa. Mjomba alikula, akaoga, akawahi mazoezini kuliko wote. Upole wake uliniudhi kuliko tusi. Nikaamua kukasirika kwa niaba yake, maana kazi hiyo ilikuwa imekosa mtu.

Silaha nilikuwa nayo. Muhula uliotangulia nilimwagia upupu godoro la kiranja wetu, dada mmoja aliyejiona serikali, na mjomba nilipomsimulia alicheka hadi akajifuta machozi. Baki la upupu lilikuwa ndani ya kisanduku cha kiberiti.

Siku ya mechi ya mwisho, washinde au washuke daraja, nilimsaidia mama kupeleka jezi. Ndani ya kapu zilikuwemo glavu nyeupe za Ngongoti, zimetoka kamba ya kuanikia, zimekakamaa kwa jua. Mama alipogeuka kuhesabu soksi, nikazitilia dawa. Leo, nikasema moyoni, Mheshimiwa Filimbi atamhitaji Ukuta, na amwombe kwa magoti.

Nisichokijua ni kazi ya kipa wa benchi. Kwenye timu yetu yeye ndiye huvaa glavu zilizokakamaa wakati wa kupasha misuli, azilainishe kwa mipira kadhaa, ndipo amkabidhi mwenzake. Mjomba, Ukuta mzima, alikuwa akimlainishia glavu mtoto aliyechukua nafasi yake. Kila mechi.

Alipoitoa mikono ndooni hakumtazama daktari wala kocha. Alitazama jukwaani, safu kwa safu, mpaka akanipata.

Kisha akaingia ndani, akatoka na glavu zake kuukuu zilizofungwa plasta, akamvalisha Ngongoti kwa mkono wake. Ngongoti alipangua kila kitu. Tulishinda moja bila. Watu walimrusha Filimbi hewani, na mjomba akapiga makofi kwa mikono iliyovimba kama maandazi.

Nilimkuta nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, bombani.

"Kiranja wako alilia?" akauliza.

"Alilia."

"Ana moyo wa kulia. Mimi nimejizuia."

Nikamwambia yote: kwamba nilitaka kocha ajute, kwamba alimwondoa bila haya, kwamba yeye mwenyewe amekaa kimya kama gunia. Aliniacha nimalize.

"Hakuniondoa mtu. Siku aliyofika nilimgongea mlango mwenyewe. Mpira wa juu ukipita kwenye mwanga siuoni, mpwa wangu. Mabao ya mechi zile tisa, nusu yake niliyasikia tu."

"Na ukatuacha tumchukie mtu wa watu?"

"Hasira yenu niliimudu," akasema. "Huruma yenu ingenimaliza."

Nikawaka upya. Miezi minne ya chuki safi, niliyoinoa kila usiku bwenini, na mwenyewe alikuwa ameketi mezani akitutazama tukiichoma bure. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie hivyo alipotokea kocha, filimbi shingoni, akauliza ile mikono imepatwa na nini.

Mjomba alinitupia jicho mara moja.

"Labda sabuni, kocha."

Mama alikuwa hatua tatu nyuma ya kocha na kapu la jezi chafu. Aliliweka kapu chini, akachukua jezi moja, akainusa.

Tangu siku hiyo amebadilisha sabuni, na glavu huzisuuza kwa maji matatu, kisha huzipitisha shavuni mwake kabla ya kuzianika. Kila likizo mimi ndiye ninayemchotea maji. Hunisifu kwamba siku hizi nimekuwa msichana mchapakazi.