Mstari Mmoja Bwawani

"Kama hukumwaga dawa bwawani, basi kunywa maji yake!" Chepkemoi alimwambia Esnah. "Kunywa hapa, mbele yetu wote."

"Nitakunywa! Unadhani naogopa?" Esnah alikuwa ameshika kiuno. "Ng'ombe wako amekufa, pole sana. Lakini pampu yangu ya dawa sijawahi kuoshea hapa."

"Na mbona kijani yote iko kwa kona yako?"

Na hilo lilikuwa kweli. Bwawa letu hapa Boito lilikuwa safi upande wa majani chai, lakini kona inayopakana na nyanya za Esnah ilikuwa kama mtu amemwaga ndoo za rangi. Hapo ndipo yule ng'ombe Freshian wa Chepkemoi alipokunywa asubuhi, na kabla jua halijapanda alikuwa chini, miguu inapiga hewa. Mtaa mzima ulikuwa pale. Mimi niliacha unga kwa meza, sikutaka kuja kusimuliwa.

Lakini haya hayakuwa tena maneno ya ng'ombe. Esnah alikuja hapa kuchuma chai akiwa msichana, watoto wake wote, kuanzia Ratemo, wamezaliwa hapa, na bado vijana waliosimama nyuma walikuwa wanasema arudi Kisii na nyanya zake. Wawili walikuwa na panga.

"Ngojeni kipimo!" alisema Isaiah, mzee wa kijiji. Ndiye aliyempigia simu Nelvine, msichana wa ofisi ya maji.

Nelvine alichota maji ya ile kona, akayatia dawa yake ya kupimia kwa kichupa, akatikisa, akatumbukiza kijikaratasi chembamba. Akakilaza juu ya kisanduku.

"Kitaonyesha mistari. Msikiguse," alisema, halafu akazunguka bwawa kuchota chupa nyingine ng'ambo.

Esnah hakungoja. Alikuwa ameshawasha moto, akainjika sufuria ya maji yale yale, akatupia majani chai bila maziwa. "Nakunywa sturungi muone, halafu mniache." Hakuna aliyemzuia. Maji yakishachemka, nani anayaogopa?

Sisi tulikuwa tumeinamia kijikaratasi. Mstari ukapanda, mwekundu kabisa. Tukangoja wa pili. Wapi!

"Ni mmoja tu!" Rebeccah alipiga kelele, na huyo amepima mimba kuliko sisi wote. "Mmoja ni hakuna kitu! Maji ni safi!"

Kila mama pale anajua hivyo kutoka kliniki: miwili unayo, mmoja huna. Isaiah alivua kofia akamshukuru Mungu. Esnah akacheka huku machozi yanamtoka, akamimina sturungi kwa kikombe.

"Sasa mniangalie vizuri," alisema, akaanza kupuliza.

Ng'ambo ya maji Nelvine alikuwa anakimbia, akipunga mikono yote miwili, mdomo wazi. Upepo ulikuwa unabeba sauti yake kwingine. Chepkemoi peke yake ndiye aliyekuwa ameangalia huko. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni alipokipiga kofi, chai ikammwagikia Esnah mkononi.

"Unanipiga?"

"Usinywe!" Sasa tulimsikia Nelvine. Alifika akihema. "Hiki si kipimo cha mimba! Hapa mstari wa pili ndio unaosema maji ni salama. Ukipotea, kuna sumu!"

"Lakini nimechemsha," Esnah alisema.

"Kuchemsha hakuitoi sumu hii. Inabaki, na inaharibu ini."

Kijana mmoja akainua panga. "Kwa hivyo ni kweli aliweka!"

Nelvine alisimama mbele ya Esnah.

"Hii haiuzwi dukani. Hiyo kijani ni mwani, vimea vidogo vya majini, na sumu inatengenezwa na mwani wenyewe. Mvua ilisomba mbolea ya majani chai yenu na mavi ya ng'ombe, jua likawaka, ukanenepa." Alichuma jani, akalitupa majini. "Na hauna miguu, unasukumwa tu."

Tuliliangalia jani. Upepo ulilisukuma polepole, likapita katikati, likaenda kugota kwa kona ya nyanya.

"Mbolea ya nani?" Isaiah aliuliza. Msimu huu sisi sote tulimwaga, hata mimi.

"Mtu asichote, ng'ombe wasishuke hapa," Nelvine alisema, "mpaka nipeleke chupa maabara tujue sumu ni kiasi gani."

Wenye panga ndio walioondoka kwanza, wakijifanya wana kazi. Esnah alibaki amechuchumaa kando ya moto. Chepkemoi hakusema samahani, yeye si mtu wa hiyo. Alimwaga sufuria, akazima moto kwa kiatu.

"Mkono umeungua?"

"Kidogo."

"Kwangu kuna maji ya mvua kwa tangi, tutaumwagia." Akamshika kwapani akamwinua. "Na watoto wamesonga ugali, kuna mboga ya sagaa. Twende uingie tule, Mama Ratemo."