Tone la Jongoo Bahari

Nawaandikia nyie wenye watoto, maana mwanangu yameshamfika.

Binti yangu ni mshonaji. Jicho lake la kulia lilivimba, likatoa usaha, akapewa matone zahanati. Hayakusaidia kitu. Daktari akasema wadudu wanaoleta usaha ule wameshazoea dawa, wamekuwa sugu. Akamwandikia nyingine kali zaidi, avumilie mpaka iletwe kutoka hospitali kubwa.

Kuvumilia ndiko kulikotushinda. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anaosha vyombo kwenye maabara wanakochunguza jongoo bahari, yule mnyama mlaini anayejilaza chini ya maji kama tango lililooza. Akaja na kichupa mkobani.

"Hii inaua wadudu sugu, wifi. Nimeona kwa macho yangu. Wanawaotesha kwenye kisahani, wanadondosha tone. Kesho yake pale lilipoanguka ni peupe, hakuna hata mmoja."

"Ni dawa?"

"Si dawa ni nini? Mabosi wenyewe wanaiita dawa."

"Kuna mtu wamemtia jichoni?"

"Wewe nawe! Hata maji unayachungulia kabla ya kunywa."

Binti akacheka, huku jicho linamchuruzika. "Shangazi, usimsikilize Mama. Huyu akiona mvuke wa chai anaita zimamoto."

Akalala chali mkekani. Nikamshika wifi mkono. Akanisukuma kwa kiwiko, kwa utani tu, tone likaanguka.

Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Tulimmwagia maji ndoo nzima, tukamkimbiza hospitali. Tulipofika, mboni ilishakuwa nyeupe kama ya samaki aliyechemshwa.

Mtaalamu wa maabara ile ya jongoo aliitwa, akaja wodini. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Yule mnyama hana meno, hana miguu ya kukimbilia. Sumu ndiyo silaha yake. Inaua wadudu, na jicho pia inaliua. Tunatafuta namna ya kutenganisha hayo mawili, bado hatujaweza."

Wifi akamrukia. "Sasa mbona mnaiita dawa?"

"Mama, hata ya panya tunaiita dawa."

Wifi akakaa chini sakafuni, mbele za watu, miguu kainyoosha kama yuko msibani. Sikumwinua. Mungu anisamehe, sikuweza.

Basi jamani, akija mtu na kichupa, hata awe wa damu yako, usimuulize kama ni dawa. Atakwambia ndiyo, na wala hatakuwa anadanganya. Muulize imemponya nani, huyo mtu anakaa wapi, na uende ukamwone. Akianza kukuzungusha kwa maneno, mfungie mlango. Akununie tu. Mnuno hautoboi mtu jicho.

Jicho wanalitoa kesho, asije akapoteza na la pili. Leo nilipompelekea uji, binti yangu ameniuliza kama akilia atatoa machozi upande mmoja.

Nimemwambia sijui.