Sukari ya Mbu

Siku ya kwanza ya kazi, shangazi alijisifu mbele ya mpwa wake kwamba hakuna kitu chini ya jua kinachomtia kinyaa. Isipokuwa konokono. Na utando wa maziwa. Na, tukisema kweli, kucha za marehemu mumewe, Mungu amrehemu yeye na asizirehemu hizo.

Mpwa, mtafiti wa mbu, alicheka akamfungulia chumba cha vizimba. Joto kama la kinywa cha mgonjwa likawapokea. Juu ya nyavu zilikaa pamba zilizolowa sukari, zimechacha, zimeota ukungu, na mbu waliokufa wamenasa humo miguu juu. Kazi ya shangazi ilikuwa kuzitoa kila asubuhi na kuweka mpya: vizimba vya kushoto sukari nzito ya kwenye chupa ya kahawia, vya kulia maji matupu.

"Hawa wa kulia wamekukosea nini?"

"Nataka kujua njaa ya mbu inavifanyaje vimelea vya malaria tumboni mwake. Wote watakunywa damu ileile yenye vimelea. Je, kwa aliyeshiba vitanawiri, na kwa mwenye njaa vitadumaa? Mkuu wa maabara amenipa nafasi hii moja tu, shangazi. Ikiharibika, nafunga virago."

"Kumbe unamnenepesha mwenyeji ili mgeni wake ashibe!"

Mpwa akamwita kwenye darubini aone tumbo la mbu wa zamani lililopasuliwa. Shangazi akainama. Ukuta wa tumbo ulikuwa umejaa vipele vya mviringo, ndivyo vimelea vyenyewe, vimevimba, vimebanana kama majipu yanayosubiri kutumbuliwa. Chakula cha mchana kikampanda hadi kooni, akakimeza mara ya pili.

Tangu siku hiyo hakuweza. Kila akiigusa pamba, aliyaona majipu. Basi akawa anaigeuza tu kwa kijiti, upande mkavu chini, uso ameuelekeza ukutani. Na sukari? Sukari haikuwa na kosa. Ilitoka dukani, haikutoka kwa mbu. Akaimimina kwenye chai yake nyeusi, nje, mbali na uvundo.

Mbu wakanyweshwa damu. Siku zilipotimia, mpwa aliwapasua wa kushoto, akapasua wa kulia, akakunja uso. Wote walikuwa wakavu sawasawa, vipele vya kuokoteza.

Kesho yake mchana alimkuta shangazi amekaa na kikombe kitupu.

"Shangazi, wa kushoto wamekula leo?"

"Wamekula! Pamba mpya zote, mwanangu. Nimewabembeleza mpaka wamecheua."

Mpwa akainua kichupa chenye mbu mmoja wa kushoto kwenye mwanga. Tumbo lilikuwa jembamba, limesinyaa, halina rangi.

"Asubuhi nilitia rangi ya buluu kwenye chupa ya sukari. Aliyekula leo lazima awe buluu."

"Labda hawa hawapendi buluu."

"Kazi yangu yote imeoza, shangazi. Niambie tu ukweli."

"Nife hapa! Mimi na sukari ya wadudu? Ptuu!"

Akatema chini kwa kinyaa. Wote wawili wakayatazama mate yale sakafuni, buluu tupu. Shangazi akafunga mdomo haraka, mkono juu yake.

"Nililamba kalamu," akasema kupitia vidole.

"Humu ndani," mpwa alisema, "tunaandikia penseli."