Mlio wa Valvu za Naim

Baada ya swala ya alfajiri nilibaki juu ya mswala, nikamwomba Mungu aniongoze mkono. Kisha nikaisukuma pikipiki ya marehemu mume wangu, Naim, hadi katikati ya ua, nikatandika gunia, nikaanza kuifungua injini ikiwa bado baridi.

Jana yake ilinizimikia kwenye mwinuko wa mfereji, nikiwa kazini, nimebeba boksi la barafu lenye chanjo za watoto wa vijiji vya ng'ambo. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Shemeji yangu Mazhar, mdogo wake Naim, akaja kunivuta mbele za watu. Jioni akamwambia mama mkwe kwamba pikipiki imemshinda mwanamke, apewe yeye. Mama mkwe akakata shauri: ikishindwa tena kupanda mwinuko wa mfereji kesho, ni ya Mazhar, nami nitulie nyumbani.

Hapa mjini Chiniot mtu huona aibu injini yake ikisikika mlio wa valvu. Fundi anayesifiwa ni yule anayezinyamazisha kabisa. Wiki iliyopita Mazhar aliipeleka kwa fundi wake bila kuniuliza, ikarudi kimya kama paka. Nyumba nzima iliisifu. Hata mimi niliisifu.

Naim hakuwahi kunifundisha ufundi. Alinishikisha tochi tu, nami nikawa natazama.

Nikavua vifuniko viwili vya valvu, nikazungusha gurudumu la sumaku la injini kwa spana mpaka alama ya T, ya pistoni kufika juu, ikakaa mahali pake. Nikagusa vikono vinavyosukuma valvu: vyote vimekaza. Halafu nikakumbuka kwamba alama ile huja mara mbili, na ni mara moja tu valvu zote mbili huwa zimefunga. Nikazungusha tena duara zima. Kikono cha juu kikacheza kidogo. Cha chini, cha valvu ya moshi, kikagoma, na chuma chembamba cha kupimia nafasi ya valvu hakikupata pa kupenya.

Basi ule ukimya ndio uliokuwa unaiua. Injini ikipata moto chuma hutanuka, valvu iliyokazwa haifungi, na nguvu yote inavujia kwenye ekzosi.

Nikalegeza nati, nikarudisha skrubu taratibu mpaka chuma kikapita kwa kukwaruza kidogo. Nikaishikilia skrubu isizunguke, nikakaza nati, nikapima tena.

Nilipowasha, tik-tik ikajaa uani. Mazhar akatoka na kikombe cha chai, akamwita mama yake aje asikie.

"Shemeji, umeimaliza kabisa. Inapayuka kama mashangazi harusini."

"Iache ipayuke. Wewe uliinyamazisha, ikawa inaungua."

"Na watu wakiisikia barabarani?"

"Nataka waisikie."

Mama mkwe alisikiliza kutoka mlangoni, akarudi ndani. Nikafunga boksi la chanjo, nikazunguka kwanza soko lote, makusudi, injini ipate moto kama jana. Mazhar alinifuata kwa baiskeli ya jirani, kamba ya kunivutia ikiwa begani.

Katikati ya mwinuko wa mfereji, pale pale iliponiaibisha, nikasimama nikaizima.

"Kwa nini umezima?" akaniuliza kutoka chini, akihema. "Si ilikuwa inapanda?"

"Usije ukasema ilibahatisha."

Nikasema Bismillahi, nikapiga kiki moja. Ikawaka, tik-tik. Nikapanda hadi juu, na sikugeuka kumtazama Mazhar na kamba yake.