Jenerali wa Safu ya Mwisho

Semina ya uongozi ilifanyika katika chumba cha chakula cha kiwanda cha mashati, vyombo vya mchana vilipokwisha kuoshwa. Meza zilisogezwa ukutani zikiwa bado na unyevu wa kitambaa. Wasimamizi waliketi kwenye mabenchi, na Mama Vifungo akajibanza mwisho kabisa, karibu na ndoo ya taka. Jina hilo alilipata zamani akiwa mshona vifungo, na ingawa sasa alisimamia safu nzima ya cherehani, ile ya nyuma, lilikuwa limemganda.

Mkufunzi alikuwa jenerali aliyekufa vitani kabla babu zao hawajazaliwa. Meneja alimchukua kwa sababu walio hai walikuwa ghali. Alikuja kwa miguu, akafuta buti mlangoni. Kifuani alikuwa na tundu la risasi, na feni ilipozunguka upepo ulipenya humo ukatoa mluzi mwembamba. Msimamizi wa wapiga pasi aliinuka bila kuambiwa, akaielekeza feni kwingine.

"Ahsante, mama," alisema Jenerali. "Mluzi huo hunikatiza maneno."

Akafundisha. Alisema kiongozi huamka wa kwanza na kula wa mwisho. Alisema ukiona watu wako wanaelekea shimoni, sema, hata kama aliyelichimba shimo ni mkubwa wako. Meneja, aliyekaa mbele, aliitikia kwa kichwa na kuandika.

Mama Vifungo hakuandika kitu. Aliwaza juma lililopita, pale cheche ilipoangukia mabaki ya vitambaa na moto ukashika. Wanawake wa safu yake walikimbilia mlango wa nyuma, wakaukuta umetiwa kufuli. Meneja aliufunga ili mashati yasiibwe, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Moto ulizimwa kwa birika la chai, watu wakacheka, wakarudi kazini. Lakini yeye alikuwa amemwona mkamwana wake, mke wa kitinda mimba wake, tumbo la miezi minane mbele, akiupiga ule mlango kwa viganja. Tangu hapo kila harufu ya pasi ilimkausha mate.

Semina ilipokwisha alimfuata Jenerali.

"Mzee, mtu akitaka kusema na magoti hayataki?"

"Yaache yatetemeke, wewe tembea. Yangu yalitetemeka mpaka mwisho."

Mama Vifungo alimpeleka kuuona mlango. Walipita kwa ubavu kati ya cherehani na majora ya vitambaa yaliyorundikwa njiani. Jenerali aliweka kiganja kwenye ule mlango. Mkamwana, aliyekuwa kwenye cherehani yake hapo karibu, aliliona tundu, akamvua koti, akalitia kiraka cha kitambaa cha shati.

"Utapata kifua, babu," alimwambia, akamrudishia.

Kisha wakapanda ngazi kwenda kwa Meneja. Katikati ya ngazi Mama Vifungo alisikia kitu kikigongana, akadhani ni meno yake. Zilikuwa nishani za Jenerali.

"Unaogopa?"

"Sana."

"Wewe uliyepigiwa mizinga?"

"Mzinga hukupiga mara moja tu, mama. Huyu mtaamkiana naye kesho."

Mama Vifungo akamshika mkono, uliokuwa baridi kama chuma cha cherehani asubuhi, wakaingia pamoja. Jenerali alisimama kando ya kabati, akaangalia ncha za buti zake.

"Bosi," alisema Mama Vifungo, "ule mlango wa nyuma. Siku moto ukishika kweli tutateketea mle kama kuni. Nakuomba uufungue."

Sauti ilitoka nyembamba kama uzi, ila haikukatika. Meneja alisimama. Mama Vifungo akajua kazi imekwisha, akaanza kufikiria kodi ya nyumba. Meneja akapiga makofi.

"Umeona! Semina imezaa matunda! Huu ndio ujasiri!"

Aliwasimamisha yeye na Jenerali dirishani, akawapiga picha, akawaambia watabasamu. Picha ingetundikwa chumba cha chakula, wengine waige.

"Na mlango, bosi?"

"Tutalizungumza," alisema Meneja, akapapasa mfuko wa suruali, akauhisi ufunguo, akaketi.

Waliteremka polepole.

"Nimesema," alisema Mama Vifungo.

"Umesema. Nimesikia."

"Mbona sasa naogopa zaidi?"

"Kwa sababu sasa anajua. Na wewe unajua kwamba anajua."

Chini msimamizi wa wapiga pasi alikuwa akimngojea na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. "Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alisema. "Wewe shoga umekwenda ukapigwa picha!" Walicheka.

Kesho yake asubuhi Jenerali aliwahi kuliko wote. Alikuwa ameketi kwenye cherehani ya mkamwana, safu ya mwisho, akihangaika kutunga uzi.

"Mpeleke binti akashone mbele, karibu na mlango ulio wazi," alimwambia Mama Vifungo. "Mimi moto hauna la kunifanya tena."

Meneja hakupinga, maana maiti hanywi chai ya kiwanda. Mkamwana alibeba mto wake wa kukalia, akambusu Jenerali mkono, akaenda mbele. Mishono ya Jenerali ilikwenda mshazari. Jirani yake wa kulia alikuwa akiichukua kimya kimya, akiifumua na kuishona upya, ili mzee asikaripiwe.

Karibu na saa ya chai, jirani huyo alisimamisha cherehani.

"Mama Vifungo," aliuliza kwa sauti ya chini, "na mimi nani atakaa mahali pangu?"

Cherehani ya pili yake ikanyamaza, kisha ya tatu, mpaka safu yote ikawa kimya na nyuso zote zikamgeukia. Jenerali aliinama, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akalikosa tundu la sindano.

"Jenerali amekuja peke yake, mwanangu," alisema Mama Vifungo.

Upande wa pili wapiga pasi waliwasha pasi zao, na harufu ikaanza kuja.