Wifi, Funga Mdomo

Mama Sponji alikuwa fundi wa makochi, na katika karakana yake iliyojaa vitambaa, misumari midogo na vumbi, redio ndiyo pekee iliyoruhusiwa kupiga kelele. Bendi aliyoipenda ilikuwa ile inayochukua nyimbo za bibi zetu, za kutwangia na kupalilia, ikazitia gitaa la umeme. Tena rekodi za studio hakuzitaka, ng'o! "Hizo zimepigwa pasi mno," alisema. Alitaka za jukwaani, ambamo kiti kinalia, uzi wa gitaa unakatika, na mwimbaji anakohoa kabla ya ubeti. Mwimbaji huyo watu walimwita Kigugumizi, maana ulimi wake ulikwama akiongea, lakini akiimba ulitiririka. Kasoro ya rekodi hizo ilikuwa moja tu, watazamaji.

"Wamekuja kusikiliza au kusikilizwa?" Mama Sponji alikuwa akifoka, nyundo mkononi.

Bendi ilipotangaza onyesho litakalorekodiwa, mumewe alikuwa na zamu kazini. Ikabidi aende na wifi yake, dada wa mume, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na breki.

Hata taa hazijazimwa, wifi alikwishaanza.

"Wifi, viti hivi ungevishona wewe visingebonyea hivi."

"Mh."

"Na yule mpiga zeze mbona amekonda? Kwani hali chakula?"

"Wifi, tusikilize."

"Si nasikiliza! Kwani masikio na mdomo vinagombania nini?"

Akatoa peremende mkobani, akaifungua taratibu, karatasi ikichakarika kama panya darini. Mama Sponji akameza hasira, akakaza macho jukwaani.

Ukafika wimbo wa mama anayetwanga huku akimngoja mwanawe aliyesafiri. Gitaa likanyamaza, ngoma ikanyamaza, akabaki Kigugumizi peke yake na sauti nyembamba kama uzi. Ukumbi mzima ukabana pumzi. Mama Sponji akafumba macho.

"Wifi," akanong'onezwa, "nimekumbuka, nimeacha nguo kwenye kamba."

"Wifi, funga huo mdomo!"

Alidhani amenong'ona. Kumbe sauti imefika hadi mlangoni. Watu wakaangua kicheko. Kigugumizi akakatiza wimbo, akachungulia gizani. "A-a-asante, mama," akasema, kisha akauanza ubeti upya. Mama Sponji alitamani ardhi ipasuke immeze.

Rekodi ilipotoka, mambo yakawa mabaya zaidi, kwani bendi haikuukata mkemeo wake. Ulipigwa redioni, ukapigwa kwa vinyozi. Wateja walioleta makochi walimsalimu, "Wifi, funga huo mdomo!" wakacheka peke yao. Mumewe akautumia mezani. Na wifi, badala ya kuona haya, akatembea kifua mbele mtaa mzima: "Wifi mwenyewe ni mimi!" Watu wakampongeza.

"Wanampongeza kwa lipi?" Mama Sponji alimuuliza mumewe. "Kwa kunyamazishwa?"

Kwa wiki kadhaa hakuigusa rekodi ile. Hatimaye, mchana mmoja karakana ikiwa tupu, aliiweka, akajikaza kama mtu anayengoja sindano. Akajisikia akifoka, akakunja uso. Kisha akakisikia kile ambacho aibu ilimziba asikisikie siku ile. Kigugumizi aliuanza ubeti ule taratibu zaidi, kicheko bado kimo kooni, na zeze likajiunga mahali ambapo halijawahi kujiunga katika rekodi yoyote. Mama wa wimboni, aliyekuwa akilia miaka yote, safari hii alikuwa akitania kwa uchungu. Wimbo haukuwahi kuimbwa vizuri hivyo.

"Mungu wangu," alisema Mama Sponji. Akaurudisha nyuma, akausikiliza tena, akakasirika zaidi, maana wa kushukuriwa alimjua.

Mlango ukasukumwa. Wifi huyo, na kiti cha kushonwa upya kichwani.

"Aa, wimbo wetu! Ongeza sauti, wifi."

Mama Sponji akamtazama, akashusha pumzi ndefu, akaongeza sauti.