Mama Aliyekatazwa Kulia

Arlette hakutulia. Orkestra ya parokia mjini Kasongo ilimngoja atunge muziki wa ule mchezo wa kale ambao wanafunzi huucheza kila mwaka: mfalme anamkataza mama kumlilia mwanawe. Kila alipoandika kilio cha yule mama, kilitoka kitamu kama wimbo wa harusi. Alisali, akachana karatasi, akasali tena. Padri Élysée, kiongozi wa orkestra, alimtania kwamba hata Zakaria wa Injili, aliyefanywa bubu, alipata neno mwishowe. Arlette hakucheka. Akapanda pikipiki kwenda kijijini Wamaza kwa mama yake.

Alimkuta Mama Consolée uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mama alitwanga upesi upesi, akasita mchi ukiwa juu, akatazama njia, kisha akatwanga tena kama anayekimbizwa. Majani yalikwisha kulainika zamani.

Tangu udongo ulipoporomoka kwenye mashimo ya dhahabu huko Lusangi, Déo, kaka yake Arlette aliyechimba humo, hakuonekana, mzima wala maiti. Mashemeji wa Mama walitaka matanga. Mama alikataa kukaa kwenye mkeka wa msiba, chozi halikumtoka; kumlilia Déo kungekuwa kumzika. Majirani walisema ana moyo wa jiwe.

Arlette alisikiliza mchi: kutwanga, kusita, kutwanga. Kumbe ndivyo anavyofanya mama aliyekatazwa kulia. Lakini aliona haya, kama mwizi ndani ya nyumba yao wenyewe.

"Mama, naomba huu mchi wako niuweke mu muziki."

Mama hakuacha kutwanga. "Unataka watu walilie Déo?"

"Hapana, mama. Hakuna mwenye atalia."

"Basi weka. Lakini usiumalize. Mutoto yangu akirudi, ndiyo utaumaliza."

Kwenye mazoezi, Padri Élysée alidai sauti ya kufunga. Watu watajuaje wakati wa kupiga makofi? Arlette alishika neno la mama yake, ingawa usiku aligeuka-geuka kitandani akihofia aibu.

Siku ya mchezo ilipofika, kanisa lilijaa. Ngoma zilitwanga, zikasita, zikatwanga. Mara zikanyamaza, wapiga violini wakabaki na nyuta zao juu, hazishuki. Hakuna aliyepiga makofi. Arlette, aliyesimama karibu na orkestra akiwa amewapa watu mgongo, alisikia mabenchi yakilia. Akageuka.

Mama Consolée, kwenye benchi la nyuma, alikuwa anatazama mlango. Na kanisa lote, mmoja baada ya mwingine, lilikuwa linautazama pamoja naye.